Kapu la Malimbuko na Daftari la Mzee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Mkulima anafika na kapu la malimbuko, kuhani analipokea na kuliweka mbele ya madhabahu. Ibada haijaisha. Mkulima mwenyewe anafungua kinywa na kusimulia: baba mhamaji, utumwa wa Misri, kilio, mkono wa Bwana. Ndipo anasema, sasa nimeleta. Hakuruhusiwa kuiruka Misri.

Wazee wetu wa vihambani Kilimanjaro, kwenye mashamba ya ukoo, mliokabidhi kahawa kwa watoto na sasa mnaandika maisha yenu, andiko hili ni lenu.

Msianzie kuzaliwa, wengi huchoka kabla ya kufika ubatizo. Anza na kihamba: nani alikupa, masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yalipandwa na nani. Miaka ikikukwepa, ishike kwa matukio: Uhuru 1961, vyama vya ushirika kuvunjwa 1976, vita vya Kagera 1978. Mbuni, yaani mti wa kahawa, nao ni shahidi. Huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, kwa hiyo kama mavuno ya kwanza yaliangukia mwaka vita ilipoanza, ulipanda 1975 hivi.

Tumia daftari kubwa la kaunta. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache kwa yale yatakayokujia usiku. Mkono ukitetemeka, mjukuu arekodi kwa simu dakika 20 au 30, anakili siku hiyohiyo, na maneno ya Kichaga ayaache yalivyo.

Panapoharibika zaidi ni hapa: mzee anaandika mavuno, nyumba ya bati na ada za shule, anauruka mwaka ambao mvua haikukatika, mrututu, dawa ya kunyunyizia kahawa, ukachelewa, na ugonjwa wa chulebuni ukaozesha matunda yangali mabichi. Anauruka pia ugomvi wa mpaka. Watoto wanabaki na Kanaani isiyo na Misri, na siku kahawa yao itakapooza watadhani Mungu amewaacha wao peke yao. Yaandike. Jina la uliyegombana naye si lazima. Na kama jeraha halijapona, andika hivyo hivyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, nayo ni sala.

Aya ya 11 inamtaja Mlawi na mgeni kwenye furaha ya mavuno. Basi ukurasa wa wiki hii uwe wa mtu mmoja asiye wa ukoo wako aliyevuna nawe: alitoka wapi, mlilima nini, alikula wapi.