Siku ya 11 Matondoni

Jamani, bado tupo Lamu.

Jahazi tulilipandisha ufukweni kwa bamvua lililopita, yale maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, na halishuki mpaka bamvua lijalo. Asiyejua bahari atadhani tumekwama.

Leo fundi kanikabidhi nyundo. Kazi ya kalafati: pamba iliyolowa mafuta, unaipigilia katikati ya ubao na ubao. Nikadhani ni nguvu. Kumbe ni masikio.

"Sikiza," ananiambia.

Pamba ikiwa bado, nyundo inalia kama ndani mna uwazi. Ikishika, mlio unakata, mkavu.

Tangu asubuhi nimemaliza urefu wa mkono mmoja tu, na nusu yake kaing'oa. Hata hakunigombeza, ndiyo inauma zaidi.

Jioni tukapita kwa mama jirani kuchukua mahamri, halafu kahawa na bao barazani. Siku zote hutupokea kwa "karibuni wageni".

Leo kasema, "Mbona mmechelewa?"

Nimekaa na kikombe changu, kiganja kimevimba, nacheka peke yangu.

Zimebaki siku 4. Nahodha anazihesabu. Mimi nimeacha.

Nyie mliowahi kungoja bamvua, mlingojea wapi?