Siku moja maishani mwangu: kuweka kioo cha laptopu iliyokufa mbele ya mteja

Saa 11:30 alfajiri

Leo nimeamka kabla ya alamu. Kwenye kiti pembeni ya kitanda kuna kioo cha inchi 15.6 kilichofungwa khanga mbili, na juu yake boksi lenye waya na bodi ya kukiendesha kioo hicho kama skrini ya kujitegemea, nilivyonunua Kariakoo Jumamosi. Kioo chenyewe sikukinunua. Kimetoka kwenye laptopu ya dukani kwangu, ile iliyonyeshewa wakati wa masika bati lilipovuja usiku. Maji yaliingia kupitia kibodi yakaua mazabodi (bodi kuu), kioo kikabaki kizima.

Nina steshenari Mbagala, hapa Dar es Salaam. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, nachapa barua, lakini wengi wanakuja kujaziwa fomu za mtandaoni. Na fomu ndizo zilizonikosesha raha. Msimu uliopita nilimjazia binti mmoja maombi ya chuo. Alinitajia jina, nikaandika Hadija. Vyeti vyake vinasema Khadija. Alikuwa amekaa mbele yangu, hatua moja tu, ila yeye anaona mgongo wa laptopu na mimi naona fomu. Tulipogundua, fomu ilishatumwa. Ikabidi aende kwa wakili kuapa kwamba majina yote mawili ni yake. Gharama nililipa mimi, lakini siku alizopoteza na machozi ya mama yake nitavilipaje? Tangu hapo nataka mteja asome kwa macho yake kabla sijatuma, na kioo hiki ndicho kitakuwa skrini yake ya kusomea.

Saa 1:00 asubuhi

Daladala imejaa. Kioo nimekibana wima katikati ya magoti, maana kikilala na mtu akakiegemea, kimekwisha. Paneli ya laptopu, yaani kioo chenyewe, ni nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Ukiipinda, vile vitepe vya ukingoni vinavyopeleka picha vinaachia, na mistari ya rangi ikishaingia haitoki tena.

Saa 4:30

Wateja wa kopi wamepungua. Nimemwachia mdogo wangu duka, nikavuka barabara kwenda kwa fundi redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kilete tukione."

Alikilaza kifudifudi juu ya taulo, akafuta vumbi kwa kiganja, akasoma namba ya modeli kwenye stika: B156XW02. Mimi zamani nilidhani muhimu ni inchi. Kumbe vioo viwili vya inchi 15.6 vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: vya miaka ya nyuma vingi hupokea picha kwa njia ya LVDS ya pini 40, hivi vya karibuni vingi kwa njia ya eDP ya pini 30, na bodi ya huku haiendeshi kioo cha kule. Ndiyo maana kabla ya kwenda Kariakoo nilimtumia fundi picha ya stika kwenye WhatsApp, akanijibu nichukue bodi ya LVDS. Ukitaka kujaribu jambo hili, anza na stika, pesa baadaye.

Kisha akaishika bodi, akainama karibu na kona moja, akaacha kuongea. Pale pana safu ya pini, na juu ya pini mbili kuna kofia nyeusi ndogo kama punje ya mtama. Mafundi wanaiita jampa. Hiyo ndiyo inayochagua umeme unaokwenda kwenye paneli: volti 3.3, 5 au 12. Yangu ilikuwa imekaa kwenye 12, kwa sababu paneli nyingi za televisheni kubwa zinataka 12. Ya laptopu inataka 3.3.

"Ungeiwasha hivi," akasema, "ungesikia harufu tu."

Mwili ulinisisimka. Jana usiku nilikuwa nimeshika adapta mkononi, nataka kujaribu peke yangu nyumbani.

Akaing'oa jampa kwa kibanio, akaihamishia kwenye 3.3. Hata hapo hakuunganisha kioo. Aliiwasha bodi tupu kwa adapta ya volti 12, ampea 2, akaweka ncha za mita kwenye soketi ya waya wa paneli, akanionyesha namba. Akazima. Ndipo akachomeka ule waya bapa, taratibu, kwa vidole viwili, akihakikisha umeingia sawasawa pande zote. Taa ya nyuma ya kioo ina njia yake: hiyo inapewa 12 kupitia waya chache za pembeni zinazorudi kwenye bodi. Volti mbili tofauti zinaingia kwenye kioo kimoja, na nadhani hapo ndipo vioo vingi vizima vinapouawa na watu wenye haraka.

Saa 5:40

Picha imetoka, lakini nyuso za watu ni za kijani na anga ina mabaka kama filamu ya kamera isiyosafishwa. Moyo ulinidondoka. Fundi wala hakushtuka. Akasema kioo ni kizima, bodi inaongea nacho lugha isiyo yake. Akatafuta kwenye flashi yake faili la programu ya bodi linalolingana na kioo hiki, la nukta 1366 kwa 768, chaneli moja, biti 6, akaichomeka flashi kwenye bodi na kuwasha. Taa ndogo ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Tulipowasha tena, ngozi zilikuwa ngozi na anga ilikuwa anga.

Saa 7:00 mchana

Umeme umekatika. Tumekula wali maharage hapo hapo kibandani. Nimemuuliza kama naweza kukiwasha kioo kwa betri ya sola ya dukani, kwa kuwa nayo ni ya volti 12. Akasema nisiunge moja kwa moja, maana betri ikiwa inachajiwa hupanda kupita volti 14. Niweke kwanza kifaa cha kushikilia 12. Nimeandika kwenye daftari.

Amenionyesha pia vioo vya laptopu za kale zaidi, ambavyo nyuma havina vitaa vya LED bali mrija wa taa mwembamba kama bua la ufagio. Mrija ule una zebaki ndani na unawashwa kwa mamia ya volti. Vya aina hiyo anaviweka juu, watoto wasivifikie, na hamruhusu mtu yeyote kuvipasua.

Saa 8:15

Kwa seremala. Fremu ya mbao, mgongo wa plaiwudi wenye matundu ya hewa. Mgongo wa paneli ni bati, kwa hiyo kati yake na bodi tumeweka plastiki ngumu, chuma kisiguse miguu ya bodi. Hakuna skrubu inayobana kioo. Kimeshikwa kingoni tu.

Saa 9:30

Kioo kiko mezani, kinamtazama mteja. Nimebonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua skrini ya pili iwe nyongeza badala ya nakala. Hili nimelifikiria sana. Nikiweka nakala, kila anayekaa hapo ataona nywila na vyeti vya aliyemtangulia. Ikiwa nyongeza, naisogeza kwake fomu yake peke yake.

Saa 11:00 jioni

Amekuja mzee mwenye fomu ya mjukuu wake. Nimemwambia, "Babu, soma hapo kwanza, kabla sijatuma." Nikakuza herufi mpaka jina likajaza nusu ya kioo. Akavaa miwani, akaanza kufuata herufi moja moja kwa kidole, na kila alipogusa, rangi zilitawanyika chini ya ncha ya kidole kama mafuta ya taa juu ya maji. Paneli hii haina kinga yoyote mbele. Nikampa kalamu, nikamwomba aonyeshee kwa mbali.

Akarudi mwanzo. S, a, l, e, h. Kalamu ikasimama.

"Hapa mwishoni pana e. Salehe. Cheti chake hiki hapa."

Nikaongeza e. Akasoma tena yote, jina la baba, la babu, tarehe ya kuzaliwa, bila haraka, na watu wawili nyuma yake wamesimama wanasubiri. Aliposema "tuma", nikatuma.

Kesho asubuhi napitia kwa seremala na vipimo vya plastiki angavu ya kufunika mbele.