Daftari la Mwanafunzi na Mti wa Msandali

Kila muhula ninapoanza kufundisha maadili ya utafiti hapa Nairobi, wanafunzi wangu wa maliasili huja wakiwa na jibu tayari: maadili ni fomu ya ridhaa iliyotiwa saini, pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo mtafiti anatakiwa kuwa nayo kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Hayo ni ya lazima, nami huyamaliza kwa kipindi kimoja.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alirudi kutoka nyanjani na daftari la jalada la buluu, akanionyesha kwa fahari mahojiano yake na wachoma makaa. Kila ukurasa ulikuwa na jina, nambari ya simu, idadi ya magunia kwa mwezi na sehemu ya msitu ilikokatwa miti. Pembeni, alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau. Fomu zote zilikuwa kamili. Nilimwuliza: mlinzi wa msitu akiliokota daftari hili kwenye matatu, atahitaji ushahidi gani zaidi? Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu nyeusi.

Ndiyo maana sasa naanza na daftari. Sisi huwauliza watu mambo ambayo, yakisemwa mbele ya chifu, ni kukiri kosa, nao hutujibu kwa sababu tumepokewa kama wageni wao.

Mti nao hauna wa kuusemea. Uvunaji wa msandali, mti wenye mafuta ya manukato, ulipigwa marufuku nchini mwaka 2007, lakini magendo hayajakoma, na kwa kuwa mafuta yake hupatikana hata kwenye mizizi, mwizi huung'oa mzima, usichipue tena. Mwanafunzi anayechapisha ramani yenye nukta za GPS za kila msandali aliouona amemchorea mwizi njia, hata kama mzee aliyempeleka huko aliridhia kwa moyo mweupe. Mzee yule alimwamini kijana aliyesimama mbele yake. Hakuulizwa kuhusu wasomaji asiowajua.

Kwa hiyo tumeongeza swali kwenye fomu yetu: ni nani usiyetaka aione miti hii? Ramani zinazochapishwa huishia kwenye jina la wadi, na nukta kamili hubaki kwa mwanafunzi na msimamizi wake.