Jinsi nilivyobadilisha sensa za matangi kwenye gari-nyumba langu

Gari-nyumba langu lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Ndani, karibu na mlango, kuna paneli yenye swichi kwa kila tangi na taa nne: tupu, theluthi moja, theluthi mbili, limejaa. Tangi la choo liligoma kwenye theluthi mbili. Hata ulimwage lote na kulisuuza mpaka maji yatoke meupe, ukibonyeza swichi unajibiwa theluthi mbili. La sinki nalo likafuata mkumbo. La maji safi pekee ndilo lililosema kweli, lakini kwa mkato mno: kati ya theluthi moja na tupu kuna maji mengi ya kupikia na kuoga, na paneli haina lolote la kusema juu yake.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua ugonjwa uko wapi. Sensa za zamani ni vitu rahisi sana. Ni boliti za chuma kisichoshika kutu, zimepenyezwa ubavuni mwa tangi kwa vimo tofauti, kila moja ina waya wake, na waya hizo zimeunganishwa kwa rezista. Maji yakifikia boliti fulani, umeme mdogo unapita ndani ya maji hadi boliti ya chini kabisa, na taa ya kimo hicho inawaka. Ndiyo sababu paneli husoma pale tu unapobonyeza. Umeme ungeachwa upite usiku na mchana, boliti zingeliwa upesi.

Basi nikachomoa waya zote kwenye tangi la choo, nikaingia ndani, nikabonyeza. Tupu. Nikatoka tena, nikagusanisha waya wa boliti ya juu na ule wa chini, nikabonyeza: taa zote zikawaka. Paneli ilikuwa nzima, waya pia, kwa hiyo tatizo lilikuwa tangini. Jaribio hili halidai hata kifaa cha kupimia umeme, na ajabu ni kwamba wapo wanaolipia paneli mpya bila kulifanya.

Tatizo lenyewe ni utando. Sabuni, mafuta ya vyombo, karatasi za chooni na vingine visivyo na haja ya kutajwa hujipaka ukutani kwa ndani, kati ya boliti na boliti. Utando ukiwa na unyevu hupitisha umeme, na boliti haina namna ya kutofautisha maji na uchafu wenye majimaji. Nilisafisha kwa maji ya vuguvugu na dawa ya vimeng'enya, nikaiacha ilale humo usiku kucha, kisha nikaliendesha gari ili maji yasukesuke. Taa zikarudi kwenye adabu, halafu zikaasi tena. Kuna pia ushauri unaopendwa sana wa kumimina vipande vya barafu chooni na kuingia barabarani ili visugue kuta. Barafu huelea na huyeyuka, na ukuta ni mpana. Mimi sikuona ilichosugua.

Nikaamua kwamba chochote nitakachofunga kwenye matangi yale mawili machafu hakitagusa kilichomo ndani.

Sensa ya mawimbi ya sauti ilinivutia kwanza. Hukaa juu ya tangi, hutuma mlio usiosikika na kupima muda wa mwangwi kurudi; sauti husafiri hewani mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Tatizo ni kwamba nyingi za aina ya kawaida haziwezi kupima kitu kilicho karibu nazo chini ya sentimita 20 hivi, kwa sababu mlio wenyewe unakuwa haujatulia mwangwi unapofika. Tangi langu lina kimo cha sentimita 30. Ingekuwa inaona theluthi ya chini tu, na hatari yote ya tangi la choo iko juu. Boya nalo ni zuri kwenye maji safi, lakini kwenye choo litanaswa na karatasi.

Nilichochagua ni ukanda mwembamba unaobandikwa nje ya tangi, kutoka chini hadi juu. Hauhisi umeme unaopita majini. Unahisi jinsi kilicho nyuma ya plastiki kinavyoathiri uga wa umeme. Kwa kipimo ambacho hewa ina 1, plastiki ya polyethilini ina kama 2.3, na maji yana karibu 80. Tofauti hiyo ni kubwa mno kukosewa, hata ukuta wa tangi ukiwa katikati. Utando mwembamba hauna maji ya kutosha kuudanganya ukanda. Tabaka nene la uchafu linaweza, kwa hiyo kusafisha matangi hakujaondoka kwenye ratiba yangu.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kazi ya kulala chali. Nilimwaga na kusuuza matangi, nikaweka vizuizi kwenye magurudumu, nikachomoa betri, nikavaa glavu na miwani, kisha nikafungua kifuniko cha plastiki kinachoziba tumbo la gari. Muda mwingi uliishia kwenye skrubu za kifuniko hicho. Ukanda wenyewe ulibandikwa upesi.

Mahali pa kuubandika panastahili kufikiriwa kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii. Gari likiegeshwa likiwa limeinama nyuzi 2 tu, jambo ambalo halionekani kwa macho, tangi lenye urefu wa mita 1.2 linakuwa na tofauti ya maji ya sentimita 4 hivi kati ya ncha na ncha. Kwenye kimo cha sentimita 30 hiyo ni zaidi ya asilimia 13. Ukibandika ukanda pembeni, kila unapohamia unasoma namba mpya kwa maji yaleyale. Katikati ya ubavu mrefu, upande mmoja unaopanda unafidiwa na mwingine unaoshuka, na namba inabaki palepale mpaka tangi likaribie kwisha au kujaa. Mwinamo wa kushoto na kulia haufidiwi hivyo, lakini kwa upana mdogo wa tangi langu niliweza kuvumilia.

Ilibidi pia kukaa mbali na boliti za zamani na mbali na fremu ya gari, maana chuma kilicho jirani huingilia uga uleule wa umeme na kusomeka kuwa ni maji. Nilijipa angalau sentimita 3 kila upande.

Halafu kuna suala la gundi. Polyethilini haipendi kushikwa na kitu. Niliifuta kwa spiriti, nikaipitishia msasa laini, nikaifuta tena, nikaipasha joto kidogo kwa kikaushia nywele, ndipo nikabandika na kukandamiza kuanzia chini kwenda juu nikitoa hewa. Kiputo cha hewa kikibaki nyuma ya ukanda, sehemu hiyo itasoma vibaya maisha yake yote. Kingo nilizifunika kwa utepe usiopitisha maji ya barabarani. Ukanda wa aina hii hukatwa kulingana na kimo cha tangi, na una vijimeno vinavyokatwa ili ujitambulishe kuwa ni wa tangi gani, ndiyo maana kanda zote zinaweza kutumia jozi moja ya waya kurudi ndani. Waya za zamani zilitosha. Sikuhitaji kuvuta mpya.

Boliti za zamani sikuzing'oa. Hazikuwa zinavuja, na kila tundu unalolifungua kwenye tangi la choo ni tundu utakalolala ukiliwaza. Nilifunga tu ncha za waya zisizotumika.

Tangi la maji safi lilikataa ukanda. Limebanwa na fremu ya chuma pande zote, na ubavu pekee ulio wazi ni mfupi na uko nyuma kabisa. Hapo nikaenda kwa sensa ya shinikizo, iliyofungwa kwa kiungo cha njia tatu kwenye bomba la kumwagia maji, chini ya tangi. Maji ya kimo cha mita 1 yanasukuma kwa kilopaskali 9.8, sentimita 30 zangu ni kilopaskali 2.9 tu. Sensa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya matangi ni za mita 5, na kwa tangi langu hiyo ingetumia asilimia 6 tu ya uwezo wake. Nikatafuta ya mita 1, aina inayotoa miliampea 4 ikiwa tupu na 20 ikifika mwisho wake. Tangi likijaa inatoa miliampea 8.8. Kwenye rezista ya omu 150 hiyo ni volti 0.6 kwa tupu na 1.32 kwa kujaa, tofauti ndogo lakini inayosomeka vizuri sana ukitumia kigeuzi cha biti 16, yaani chipu inayogeuza volti kuwa namba. Nilitumia ADS1115 kwa sababu kipimio kilichomo ndani ya ESP32, kompyuta ndogo niliyokuwa nayo, hakiko sawia mwanzo hadi mwisho.

Sensa ya shinikizo ina tabia yake. Unapojaza kwa mpira wenye nguvu, hewa inabanwa tangini kwa sababu bomba la kupumulia ni jembamba, na namba inapanda kuliko maji yenyewe. Ukifunga maji inashuka na kutulia. Pampu ikivuta kwa kasi hutokea kinyume chake. Tangu nilipolielewa hilo siliiti kosa. Linaniambia hali ya bomba la kupumulia.

Kilichofuata kilikuwa kupima lita. Asilimia ya kimo si asilimia ya maji, hasa tangi likiwa limekatwa chini kupisha gurudumu. Niliweka kipima mtiririko kwenye mpira, mwenzangu akakaa ndani akinisomea namba, nami nikisimamisha maji kila baada ya lita 10. Kwenye tangi la maji safi, nusu ya kimo ilikuwa na pungufu ya nusu ya maji, tofauti ya kutosha kukuacha na sabuni kichwani. Jedwali lile nililiingiza kwenye ESP32, na tangu hapo kioo chake (skrini) kinaonyesha lita. Kuna faida nyingine: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo kabla ya kuondoka najua nimebeba uzito gani na uko upande upi wa gari.

Gari likiwa barabarani namba hazina maana, maji yanapigapiga kuta. ESP32 inachukua vipimo vingi kwa dakika, inavipanga na kubaki na cha katikati. Kipimo hicho hakiyumbishwi na wimbi moja kubwa kama wastani unavyoyumbishwa. Vipimo vya safarini nimeviweka kando kabisa. Umeme wake unatoka kwenye betri ya volti 12 kupitia kishusha volti na fyuzi ya ampea 1, niliyoiweka karibu na betri.

Nilidhani nimemaliza, na nilikuwa nimemaliza kubadilisha sensa. Ila kumbukumbu zikaanza kuzungumza zenyewe. Ukiwa na lita za matangi yote matatu kwa kila dakika, unaweza kuuliza maji yamekwenda wapi. Maji safi yakipungua na tangi la sinki likipanda kwa kiasi hicho, kuna bomba linalodondosha. Likipanda la choo, valvu ya choo haifungi. Yasipopanda popote, maji yanatoka nje au, vibaya zaidi, yanaingia sakafuni, na hapo unapaswa kuinuka sasa hivi.

Langu halikuwa mojawapo ya hayo. Usiku, gari likiwa limeunganishwa kwenye maji ya bomba ya kambi na pampu ikiwa imezimwa, tangi la maji safi lilikuwa linajaa. Polepole, kwa mstari ulionyooka, mpaka limwagike kwa bomba la kupumulia. Madimbwi chini ya gari nilishayaona na kuyadhania ni ya kiyoyozi. Chanzo kilikuwa valvu ya kuzuia maji kurudi, iliyo ndani ya pampu: shinikizo la bomba la nje lilikuwa linapenya pampu kinyumenyume hadi tangini. Nilifungua kichwa cha pampu, nikakuta chembe ya plastiki imekaa chini ya mpira wa valvu, nikaisafisha na kurudisha. Kwa tahadhari nikaongeza valvu nyingine ya nje kwenye mdomo wa pampu. Mstari ukalala.

Tahadhari nimezipanga hivi: maji safi yakifika asilimia 20 kioo kinageuka chekundu, na yakifika 5 pampu inakatwa isizunguke kavu. Tangi la sinki linalia kwenye 85. La choo linalia kwenye 75, kwa sababu nataka nafasi ya kumimina maji ya kutosha kabla ya kulimwaga. Uchafu mzito hutoka vizuri ukisukumwa na maji mengi kwa mkupuo mmoja. Baada ya kumwaga narudisha lita chache humo ili sakafu yake isikauke, na nimeiambia programu kwamba lita hizo ndizo sifuri yake.