Siku Moja Nakivale: Kesi ya Goti

Saa 11 alfajiri nabandika chai, namalizia kusahihisha madaftari ya jana, kisha nashika njia. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi shuleni, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda.

Saa 2 asubuhi kipindi kinaanza. Nafundisha ngazi ya tatu ya elimu ya kasi, mpango unaobana miaka 7 ya shule ya msingi iwe 3, kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 18. Wengi wametoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Kuna waliotolewa shuleni na vita, na kuna walioingia kazini shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 hawakurudi. Mmoja ni mama. Mwanawe analala juu ya kitenge chini ya ubao.

Saa 4, wakati wa uji, kijana wa miaka 17 ananivuta pembeni. "Mwalimu, nina neno." Jioni anampimia maharagwe mnunuzi mmoja sokoni. Gunia likining'inia kwenye mizani, bosi anataka aliinue kidogo kwa goti, mshale usome pungufu. Ananionyesha: goti linapanda kidogo tu, huwezi kuliona. Kilo 2 zimekwenda. Ana wadogo wawili, na tangu mgao wa chakula upunguzwe mwaka 2023, mshahara huo ndio sufuria yao.

Nikamwomba nilete kesi darasani bila jina lake. Akasema, "Nitasema mwenyewe."

Zamani nilifundisha maadili kwa orodha: usiibe, usidanganye. Waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Lakini hawa ni watoto wanaoamua kila siku nani ale na nani alale njaa, na orodha yangu haikuwahi kufika huko. Siku hizi kila mmoja anashika jiwe. Kulia, aache kazi, kushoto, abaki. Ila kabla ya kutetea upande wako, eleza kwanza upande wa mwenzako mpaka akubali kwamba umemwelewa.

Mawe 19 yakaenda kushoto, 6 kulia. Nikauliza, nani anaumia ambaye hayupo hapa?

Kimya. Kisha yule mama akasema, "Yupo. Gunia langu mwezi uliopita nilimuuzia bosi wako."

Kijana akaangalia goti lake. "Sikuambii uache, ndugu yangu," yule mama akaendelea, taratibu. "Wadogo zako watakula nini? Lakini ujue ulikuwa unainua la nani."

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mmoja akashauri wauzaji wachange wanunue mizani yao, wapime nyumbani kwanza. Mwingine akasema kijana amwambie bosi kwamba goti linamuuma. Wakamkatalia: huo nao si uongo? Wakabishana hadi kengele ya saa 7, na sikuwakatiza. Mawe manne yalihama, mawili kila upande.

Chakula kilikuwa posho, yaani ugali, na maharagwe. Mchana tulirudia hisabati kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba.

Saa 11 jioni napita sokoni. Namwona kando ya mizani, gunia linaning'inia, naye amesimama hatua moja nyuma yake, mikono mgongoni. Bosi anamwita kwa sauti. Nikavuka kwenda upande wa pili wa barabara, asije akaamua kwa sababu ameniona.