Halmashauri za Saskatchewan na daktari wa kulipwa kwa kodi

Ukitaja Canada watu wanawaza Toronto tu, mi leo niko Saskatchewan, kule kwenye tambarare za ngano, kwa sababu kuna kitu wale wakulima walikifanya na hakisemwi vya kutosha.

Serikali ilishawekeana mkataba na wenyeji wa asili, watu wa Cree, Saulteaux na Assiniboine (Mkataba Namba 4, 1874), na ardhi ikapimwa miraba miraba, kila mraba, wao wanauita township, maili 6 kwa 6. Mlowezi analipa ada ya dola 10, anapewa ekari 160, akikaa na kulima miaka 3 zinakuwa zake. Jimbo likaundwa 1905, halafu kuanzia 1909 zikaja halmashauri za vijijini, kawaida township 9 pamoja, zikapewa namba kuanzia kona ya kusini mashariki, mpaka leo zina jina na namba.

Mwenyekiti, wao wanamwita reeve, anachaguliwa na eneo zima, madiwani kila mtu na kata yake, wengi wakulima, na kuna mtendaji wa kuajiriwa anayeshika mafaili na kodi ya ardhi. Hela kubwa inakwenda barabarani: changarawe, makalavati, greda.

Sasa sikia hii. 1914 halmashauri ya Sarnia namba 221 inaona daktari wake anataka kuondoka maana watu hawana cha kumlipa, madiwani wakakaa wakasema huyu haondoki, tutampa dola 1,500 kwa mwaka kutoka kwenye kodi. Sheria ya kuruhusu jambo hilo ilikuja baadaye, 1916! Wengine wakaiga, na ukame wa miaka ya 1930 ulipopiga, daktari wa halmashauri ndo akawa tegemeo. Kisha Matt Anderson, reeve wa McKillop namba 220, akapigania sheria ya 1939 ili kodi ilipie na hospitali. Tarehe 1 Julai 1962 jimbo zima likaanza bima ya matibabu kwa kila mtu, madaktari wakagoma wiki tatu na ushee lakini bima ikabaki, nchi nzima ikafuata. Yaani jamani, chanzo chake ni kikao cha madiwani wa kijijini!

Halmashauri hizo zimebaki 296 hivi, mashamba yamekuwa makubwa na vijana wameenda mjini, kwa hiyo kuna wanaotaka ziunganishwe. Mi nasema wasikimbilie huko, theluji ikishamwagika anayepanga greda ianze wapi inabidi awe mkazi wa barabara hizohizo.