Kwa Baba Allauddin, Maihar

Wapenzi wa Ravi Shankar, mpiga sitari mashuhuri wa India, wakifika nchini humo hukimbilia Varanasi, maana ndiko alikozaliwa tarehe 7 Aprili 1920. Nami nilipita huko, nikaingia kwa fundi wa sitari. Alinipakatisha moja: tumbo ni kibuyu kikavu, shingo ni ya mbao, na juu yake vipande vya shaba vilivyopinda, vimefungwa kwa uzi ili visogezwe. Chini ya nyaya zinazopigwa zimepita nyingine nyembamba, zaidi ya kumi, ambazo huitikia zenyewe. Akanivisha mizrabu, ule waya wa kidole cha shahada. Haikuchukua muda kidole kikaanza kuuma, nikamrudishia ala yake.

Mimi lakini nilikuwa nakwenda Maihar, Madhya Pradesh. Ni mji mdogo ulio kwenye njia ya reli, na karibu abiria wote walioshuka nami walikuwa mahujaji wa hekalu la Sharda Devi, mungu wa kike wa Wahindu, lililo kilimani juu ya ngazi zaidi ya elfu moja. Nilimwambia dereva wa bajaji anipeleke nyumbani kwa marehemu Allauddin Khan, mwalimu wa Ravi. "Kwa Baba?" akauliza, akawasha gari.

Baba alikuwa Mwislamu, tena wa swala, na bado alikuwa mcha wa Sharda Devi. Nyumba yake aliiita Madina Bhavan, kwa jina la mkewe. Ndiye aliyekusanya mayatima baada ya maradhi ya 1918, akawafunza muziki, ikazaliwa Bendi ya Maihar. Moja ya ala zao aliiunda kwa mitutu ya bunduki.

Ravi alikuja hapa mwaka 1938, kijana aliyekulia Paris katika kundi la ngoma la kaka yake Uday, amezoea hoteli na makofi. Akanyoa nywele, akaanza upya. Baba alikuwa mkali kupita kiasi. Mwanawe Ali Akbar alichapwa sana. Ravi siku moja aliambiwa akanunue bangili avae kama msichana, akafunga mizigo aondoke. Alibembelezwa akabaki, akakaa miaka kama saba. Matamasha ya Marekani, Monterey 1967 na Woodstock 1969, na lile la kuichangia Bangladesh 1971 ambako watu walipiga makofi akiwa bado anakaza nyaya: yote hayo, kwa maoni yangu, yalilipiwa hapa. George Harrison wa Beatles alimwongezea umaarufu tu. Mikono ilishaiva zamani.

Kwenye treni ya kurudi nilikaa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nilipomtajia Ravi akatikisa kichwa.

"Mwanangu, aliyebeba elimu ya Baba ni binti yake, Annapurna."

Annapurna Devi alizaliwa hapohapo Maihar, akaolewa na Ravi mwaka 1941. Alipiga surbahari, ndugu mkubwa wa sitari mwenye sauti nzito. Ndoa ilipoharibika aliacha kabisa kupiga hadharani, akajifungia Mumbai akifundisha. Mpiga sitari Nikhil Banerjee na mpiga filimbi Hariprasad Chaurasia walipita mikononi mwake. Hakutoa albamu hata moja hadi alipofariki mwaka 2018.

Nikamwuliza mzee kama yeye aliwahi kumsikia.

"Hapana," akasema, "lakini niliwasikia wanafunzi wake." Ubishi ukaendelea mpaka Satna, aliposhuka bila kunikubalia.